Vijitabu Vilivyochakaa: Juu ya Kukusanya Vitabu vya Kale vya Watoto Katika Singida

Mkusanyaji wa vitabu vya kale ana mzani wake. Kwanza hutazama mwaka wa chapa, kisha jalada, kisha kurasa. Akikuta doa la mafuta, au jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, au pembe iliyoliwa na mchwa, hupunguza thamani. Mzani huo ulitengenezwa mahali palipokuwa na vitabu vingi na rafu nzuri. Ukipelekwa Singida, ukawekewa vijitabu vya Kiswahili walivyosomea watoto tangu siku za misheni hata miaka ya baada ya uhuru, hupima vibaya: huitukuza nakala ambayo haikusomwa na mtu, na kuitupa ile iliyofanya kazi yake.

Vijitabu vya namna hii vina ndugu zao katika nchi nyingine. Katika Uingereza ya kale wachuuzi walizunguka kwa miguu wakiuza hadithi fupi zilizochapwa kwa karatasi duni, bei yake peni moja. Samuel Pepys alizikusanya katika karne ya 17, na mkusanyo wake ungali katika Chuo cha Magdalene, Cambridge. Katika karne ya 20 Iona na Peter Opie walikusanya vitabu vya watoto wapata 20,000, navyo viliingia katika maktaba ya Bodleian, Oxford, mwaka 1988. Afrika nayo ilikuwa na vijitabu vya soko la Onitsha, Nijeria. Katika bara la Tanganyika mchuuzi alikuwa nadra. Kitabu kilifika katika mkoba wa mwalimu, katika sanduku la katekista, au chini ya kwapa la mwalimu wa chuo cha Korani.

Ikiwa ni hivyo, hesabu haifai kuanzia kwa misheni. Kwa mtoto wa Kiislamu, pwani na bara, kitabu cha kwanza kilikuwa kijuzuu, yaani sehemu fupi ya Korani aliyojifunzia herufi na kusoma. Kati ya Wanyaturu wamo Waislamu wengi, na vijuzuu vimeshikwa na vidole vya watoto wao kizazi baada ya kizazi. Lakini orodha za wakusanyaji ni mara chache kuvitaja. Havina picha, wala jina la mtungaji wa kujivunia, na zaidi ya hayo kijuzuu kikichakaa hakitupwi ovyo: maneno yaliyomo huheshimiwa, na kurasa zake aghalabu huzikwa au kuchomwa kwa adabu. Kitabu kilichosomwa sana kuliko vyote ndicho kinachotoweka kwa heshima. Mkusanyaji asiyelijua hilo atadhani hapakuwa na kitu.

Kisha zikaja hadithi za chapa. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alizisikiliza hadithi za Unguja, akazitoa London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hicho hakikuwa kitabu cha watoto. Kilikuwa cha Wazungu waliotaka kujifunza lugha. Hata hivyo baadhi ya hadithi zake zilipata maisha ya pili katika vitabu vya shule. Iliyo mashuhuri ni ile ya kima na papa. Papa amchukua kima mgongoni baharini, amwambia kwamba mfalme wake ataka moyo wa kima, na kima ajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Asili yake ni India, katika Panchatantra, ambako mnyama wa majini si papa. Watu wa pwani waliipokea wakamtia papa, kwa kuwa papa ndiye waliyemjua.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa msomaji wa Singida. Hadithi iliyobadilishwa ili ilingane na pwani haikubadilishwa tena ilipopanda bara. Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aliisoma katika nchi ya mawe makubwa na mtama, mbali na bahari. Maji mapana aliyoyajua ni maziwa ya chumvi kama Singidani na Kindai, ambamo hamna papa. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kirimi, au Kinyiramba, au Kiisanzu. Kwa Wahadzabe na Wataturu hata jamaa ya lugha ilikuwa nyingine. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama aliyemtuliza usiku. Kilikuwa lugha ya soko, ya kazi, ya serikali, na zaidi ya yote lugha ya kitabu. Mtoto wa Unguja aliyasoma maneno aliyokwisha kuyasikia. Mtoto wa Singida aliyasoma kwanza, akayasikia baadaye.

Upungufu huo ulizidi baada ya mwaka 1930, ilipoanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiswahili cha Unguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ilivipitia vitabu vya shule na kuviidhinisha, na idhini yake ilichapwa ndani ya kitabu. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mfasiri hodari. Mkononi mwake zilipita Kisiwa Chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver. Wahakiki wamevilaumu vitabu hivi kwamba vilimlisha mtoto wa Kiafrika ndoto za Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake: Mashimo hasa ni hadithi ya wageni wanaokwenda kuchukua almasi ya Afrika, na mwenyeji ndiye anayebeba mzigo. Lakini lawama ikiishia hapo haijavisoma vitabu jinsi vilivyosomwa. Kisiwa Chenye Hazina ni kitabu cha merikebu. Ili kukifasiri ilibidi kutumia msamiati wa mabaharia wa Kiswahili: tanga, nanga, mlingoti, omo na tezi. Kwa mvulana aliyechunga ng'ombe Iramba maneno hayo yalikuwa mageni kama Stevenson mwenyewe. Basi alipokea mageni mawili katika kitabu kimoja, hadithi ya Mwingereza na bahari ya Mswahili, na la pili likawa mali yake. Ajabu ya mambo, sehemu ya ufasaha wa pwani iliingia bara katika chombo cha Kiingereza.

Elisi Katika Nchi ya Ajabu, kilichotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1940, kilijaribu njia nyingine. Mfasiri wake, Conan-Davies, aliona kwamba mtoto ajione katika picha, na Elisi akachorwa mtoto wa Kiafrika. Wakusanyaji wa leo hukitafuta sana kwa sababu ya picha hizo. Kama kazi ya fasihi ni jaribio la heshima lisilofika mbali: sura imegeuzwa, njozi imebaki ya Kiingereza. Hekaya za Abunuwasi, ambazo wakusanyaji hawazithamini sana kwa kuwa zimechapwa mara nyingi, zilimfaa mtoto zaidi. Abunuwasi ametoka mbali pia, Baghdadi, lakini mdogo anayemshinda mkubwa kwa akili hahitaji kuchorwa upya ili ajulikane Singida. Huko sungura alikwisha kuifanya kazi hiyo.

Na sungura wa Singida yuko wapi katika rafu hii? Katika miaka ya 1930 daktari na msafiri wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alikaa pande za ziwa Eyasi akichimba mifupa ya kale, tena akiandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Zilitoka kwa Kijerumani. Das Zauberhorn, kitabu cha hadithi za Wahadzabe, ambao Wajerumani waliwaita Watindiga, kilitoka mwaka 1956, na vingine vikafuata. Basi mtoto wa Mkalama wa wakati ule, akitaka kusoma habari za kisiwa cha maharamia, aliweza kuzipata kwa Kiswahili. Akitaka kusoma hadithi za jirani zake alihitaji Kijerumani. Vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili yake. Lakini mkusanyo wa vitabu vya watoto wa Singida usiokuwa navyo, na usiokuwa na jitihada ya kuvirudisha katika Kiswahili, utakuwa umehifadhi nusu tu ya habari: yale waliyopewa watoto, bila yale waliyonyimwa.

Sasa irudiwe nakala iliyochakaa. Kitabu kilichosomewa katika shule za Makiungu au Kinampanda, kikapita kwa ndugu watatu au wanne, hubeba maandishi ya aina mbili, ya chapa na ya mkono. Pembeni mtoto ameandika maana ya neno kwa lugha ya kwao. Mwingine amehesabu, mwingine ameandika jina lake mara kumi akijaribu saini. Palipo na alama ya kidole chenye masizi ndipo msomaji alipokaa sana. Hayo hayapatikani katika nakala safi ya London, nayo ndiyo ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyoingia katika nyumba za tembe. Kweli, nakala safi ina faida ambayo haikanushiki: kurasa zake zimetimia, na bila hiyo matini hayathibitiki. Mwenye nakala iliyokosa kurasa za mwanzo hawezi hata kusema ni chapa ya mwaka gani. Ila nakala safi huweza kungoja, kwa kuwa imo katika maktaba. Nyingine haiwezi.

Maana adui zake ni wengi. Mchwa ni wa kwanza. Kuhama ni wa pili: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu nyumba na vyombo, na karatasi ni chombo cha mwisho kukumbukwa. Wa tatu ni ukurasa mwembamba kufaa sana kusokotea tumbaku. Wa nne ni mkusanyaji mwenyewe, afikapo na fedha, akachagua majalada mazuri, na akiisha kununua akafuta majina kwa raba ili kitabu kipendeze.

Kadi ya maktaba huuliza mtungaji, mfasiri, mpiga chapa, mahali na mwaka. Kwa vijitabu vya Singida yafaa iongezwe mistari miwili: kilisomwa kijiji gani, na msomaji wake alimsomea nani kwa sauti. Bibi asiyejua herufi, aliyesikiliza kando ya moto habari za papa ambaye hakumwona maisha yake yote, naye alikuwa msomaji wa kitabu hicho. Wajukuu waliomsomea wengine wangali hai, na wanaweza kuulizwa.