Hodi ya Seva

Kibera haina namba za nyumba za kumfikisha mgeni mlangoni. Anayemtafuta mtu Gatwekera au Laini Saba huuliza njiani: kwa mama chapati, nyuma ya kanisa, mlango wa tatu. Mkazi naye, ofisi ikitaka uthibitisho wa anapoishi, huanzia kwa mzee wa mtaa na kuishia kwa chifu, ndipo atoke na barua. Jina unaweza kujitajia mwenyewe, lakini barua ya chifu hujiandikii.

Nililikumbuka hilo nilipoketi kando ya fundi mmoja wa seva, dada anayelala Kawangware na kufanya kazi Kibera. Barua pepe za kikundi cha vijana zilikuwa zinarudishwa, naye alikuwa akitafuta sababu. Mbele yake palikuwa na kompyuta, kalamu na daftari la shule.

Kwanza aliisoma barua iliyorudi mpaka mwisho. Wengi wakiona 550 hukata tamaa papo hapo. Yeye anajua kwamba jibu linaloanza na 4 lina maana ya "rudi baadaye", linaloanza na 5 lina maana ya "sipokei", na kwamba sababu yenyewe huandikwa kwa maneno baada ya namba. Aliyanakili maneno hayo yote, neno kwa neno.

Seva inayopeleka barua hubisha mlango namba 25 wa seva nyingine, kisha hujitambulisha kwa jina. Ni hodi kamili. Lakini mwenyeji hatosheki na jina la kujitajia. Anaiona namba ya intaneti anakotoka mgeni, na huuliza: namba hii inajulikana kwa jina gani? Jibu limo katika rekodi ya kinyume, ile mafundi wanayoiita PTR.

Ustadi wa swali hilo ni wa kupendeza. Jina la intaneti huanza na dogo na kuishia na kubwa: mashine, shirika, halafu ke, kama bahasha inayoanza na jina la mtu na kumalizika na Kenya. Namba huenda kinyume chake. Basi fundi huipindua: 192.0.2.25, namba iliyotengwa kwa mifano, huwa 25.2.0.192, kisha huongezewa in-addr.arpa. Jina likipatikana, hulirudisha lenyewe kuuliza namba yake. Safari ya kwenda na ya kurudi sharti ziishie mlango uleule. Tangu Februari 2024 Google inadai hivyo kwa kila anayetuma barua kwa akaunti za Gmail.

Seva ya dada huyu haikuwa na rekodi hiyo, na fundi hawezi kujiandikia. AFRINIC, iliyoko Mauritius, huzigawia kampuni za intaneti za Afrika namba na kuzikabidhi daftari la kinyume. Mwenye seva huiomba kampuni yake, kama mkazi mbele ya chifu. Ombi la dada huyu lilikuwa na mistari miwili: namba, na jina. Kabla ya kulituma alihakikisha kwamba jina lilikuwa tayari linaelekeza kwenye namba hiyo.

Kisha akaipindua tena namba ileile, safari hii akiiuliza Spamhaus, watunzaji wa orodha za kuzuia. Hapo kukosa jibu ndiyo habari njema. Jibu likija, tarakimu za mwisho ndizo zinazosema: 127.0.0.4 huashiria mashine iliyoambukizwa, 127.0.0.10 au 11 si shutuma, ila ni taarifa kwamba namba hiyo ni ya wateja wa kawaida, haitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja. Na 127.255.255.254 haikuhusu hata kidogo: umeuliza kupitia seva ya umma ya kutafutia majina, isiyokubaliwa. Fundi mwenye pupa angeisoma kama hukumu.

Kibera na Kawangware tofauti hizo zina uzito. Intaneti huruka kutoka paa hadi paa, iwe ya kampuni kama poa! au ya jamii kama TunapandaNET. Katika mitandao ya namna hii nyumba nyingi huweza kutokea kwenye namba moja ya nje, kama ploti yenye lango moja. Kompyuta moja ikiambukizwa, lango zima huandikwa orodhani: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndiyo maana seva ya dada huyu hupewa namba yake peke yake.

Angekuta namba imeorodheshwa, asingekimbilia kuomba iondolewe. Angepekua kwanza foleni ya barua, atafute sanduku lenye nenosiri lililovuja, alifunge. Anayeomba kabla ya kuziba tundu hurudishwa orodhani upesi.

Jibu la kampuni lilichukua siku kadhaa. Lilipofika, dada aliipindua namba, akapata jina. Akaliuliza jina, akapata namba. Akaandika tarehe daftarini. Barua zilizosubiri zilikuwa nyingi, naye akaachilia kumi tu, kwa kuwa namba ngeni inayomwaga mamia siku ya kwanza hushukiwa. Ya kwanza ikajibiwa 250, imepokewa. Hakusema kitu; aliandika 250 kando ya tarehe, akangoja ya pili.