Makatizo Wakati Kompyuta Inapolazwa

Katika kiini cha mfumo wa Linux, hadi mwaka 2009, kompyuta ilipoamriwa kulala, kila draiva ilikuwa na dhamana ya kukituliza kifaa chake yenyewe, ilhali makatizo, yaani zile ishara ambazo kifaa huipelekea prosesa kuitaka iache ilifanyalo ikihudumie, yaliendelea kupokewa kama kawaida. Tadbiri hiyo ilikuwa na kasoro iliyodhihiri hasa pale vifaa viwili vilipotumia njia moja ya katizo, jambo la kawaida sana katika mashine za PCI. Tuseme kadi ya mtandao imekwisha kuzimwa, na kidhibiti cha USB, ambacho bado ki macho, kikatuma ishara katika njia ile ile. Kiini, kwa kuwa hakijui ni kipi kilichoita, huziita draiva zote mbili, na ile ya mtandao huenda kusoma rejista za kadi iliyolala, ikajibiwa biti zote kuwa moja. Jibu hilo draiva isiyo na hadhari hulisadiki, ikadhani kuna kazi tele inayoisubiri. Kinyume chake nacho ni kibaya: kifaa kikiita mfululizo na draiva zote zikakana, kiini huhesabu, na katika makatizo 100,000 yakizidi 99,900 yasiyokiriwa na yeyote, huifunga njia nzima, wasio na hatia wakaadhibiwa pamoja na mkosaji.

Dawa iliyoletwa na Rafael Wysocki katika toleo la 2.6.30, la Juni 2009, ilikuwa kuziondolea draiva dhamana ya kuyazuia makatizo na kuitia mikononi mwa kiini. Draiva zikisha kutuliza vifaa vyao, kiini hupita katika njia za makatizo, moja baada ya moja, na kuzizuia, kikingojea kila shughuli iliyokwisha kuanza imalizike. Ndipo draiva huitwa mara ya mwisho, katika hatua iitwayo noirq, kuzima umeme wa vifaa bila ya hofu ya kushtuliwa. Uzuri wa mpango huu, kwa maoni yangu, umo katika jambo moja dogo: wakati huo prosesa zenyewe hazijazuiwa kupokea makatizo, na lile la saa lingali likifanya kazi, kwa hiyo draiva inayohitaji kungoja milisekunde kadhaa ili kifaa kibadili hali yake yaweza kungoja. Baadaye prosesa zote huondolewa kazini isipokuwa moja, nayo huzimiwa makatizo yake. Kuamka hufuata njia hiyo kinyumenyume.

Lakini vifaa vyote vikizuiliwa kuita, nani atakayeamsha? Hapa ndipo wengi walipopotea. Katizo lenye alama ya IRQF_NO_SUSPEND huachwa wazi, na alama hiyo iliwekwa kwa ajili ya saa na mambo ya jinsi yake. Waandishi wa draiva wakaitwaa kama hirizi ya kuamshia kompyuta, hali haina ahadi yoyote ya kuamsha. Fauka ya hayo, hukumu yake huishika njia nzima, hata draiva nyingine iliyomo njiani humo ikaitwa kifaa chake kikiwa kimelala, na maradhi yale ya awali yakarejea.

Katika toleo la 3.18, la Desemba 2014, mambo yalinyoshwa. Katizo lililosajiliwa kuwa la kuamsha, kwa wito wa enable_irq_wake, likifika baada ya mengine kuzuiwa, draiva haiitwi papo hapo: kiini huifunga njia, huliandika katizo kuwa linasubiri, hukatisha safari ya kulala, kisha humkabidhi mwenyewe makatizo yakifunguliwa tena. Halipotei, wala halikigusi kifaa kisicho tayari.

Basi wewe uandikaye draiva ya kitufe au ya saa ya kengele, ita enable_irq_wake katika hatua ya kulala, uitengue wakati wa kuamka, na IRQF_NO_SUSPEND uwaachie wenye saa.