Migawanyo minne iliyomshinda Fermat

Namba za Fermat, yaani Fₙ = 2^(2ⁿ) + 1, kwa n = 0 hadi 4 ni 3, 5, 17, 257 na 65537; zote ni tasa, na hapo hatubishani. Inayofuata, F₅, ni 2³² + 1, yaani 4294967297. Hiyo Fermat aliipitisha kuwa tasa. Ulikuwa uamuzi mbovu, na utetezi ninaoukuta kila mara vitabuni, kwamba namba ilikuwa kubwa mno kwa kalamu ya mwaka 1640, siukubali hata kidogo.

Tazameni silaha alizokuwa nazo. Mwaka huohuo alikwishaandika nadharia yake kwamba 2 kwa kipeo cha p−1 huacha baki 1 ikigawanywa kwa p, ilimradi p ni tasa na si 2. Kwa njia hiyo aliipasua 2³⁷ − 1 kwa 223, kazi safi kabisa. Basi p ikiwa kigawo tasa cha 2³² + 1, 2³² huacha baki −1, na 2⁶⁴ huacha 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachofika hapo, kwa hiyo 64 lazima igawanye p−1. Anzia 65, panda kwa 64, acha zisizo tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Ile 257 iondoe, kwa kuwa imo katika orodha yake mwenyewe, na namba za orodha hiyo hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ni migawanyo minne. Wa nne, 641, hauachi baki.

Mwanzoni angalau alikiri kwamba hana uthibitisho wa dai lake kwamba namba zote za aina hii ni tasa. Mwaka 1659, hata hivyo, aliliweka dai hilo miongoni mwa mambo aliyosema ameyathibitisha, na hapo ndipo ninapomlaumu zaidi. Nimelisema hapa mara nyingi, na nitalisema tena: mifano mitano si uthibitisho, hata ukiwa Fermat. Mwalimu anayempa mwanafunzi maksi kwa kujaribu n = 1 hadi 5 anaendeleza kosa hilihili.

Euler, aliyechokozwa na Goldbach, alipata 641 × 6700417 mwaka 1732.

Waliomfuata walizidi kuinoa hesabu. Andika 641 = 5·2⁷ + 1, kisha 641 = 5⁴ + 2⁴. Ya kwanza inatoa 5·2⁷ ≡ −1, hivyo 5⁴·2²⁸ ≡ 1. Ya pili inatoa 5⁴ ≡ −2⁴. Unganisha, upate 2³² ≡ −1. Mistari miwili, bila kugawanya chochote. Leo inajulikana kwamba F₅ hadi F₃₂ zote si tasa, na mwaka 2024 mashine zilitupa namba tasa yenye tarakimu 41024320. Nazipongeza, lakini mistari ile miwili ina hisabati zaidi.

Lucas, mwaka 1878, alionyesha kwamba vigawo vya namba za Fermat Fₙ, kuanzia F₂, vina umbo la 2ⁿ⁺²k + 1. Kwa F₅ hiyo ni 128k + 1: 129, 257, 385, 513, 641. Ondoa zisizo tasa, ondoa 257, na ya kwanza kugawanya ni 641 yenyewe.