Haji Chum na Msamiati wa Kikae

Mchunguzi wa lahaja za Unguja hawezi kumpita Haji Chum. Mwaka 1962 ulitolewa Utenzi wa Vita vya Uhud, alioukusanya yeye, ukahaririwa na kufasiriwa kwa Kiingereza na H. E. Lambert. Jarida la Swahili la 1962/63 likachapa orodha yake ya maneno ya Kikae, tafsiri na maelezo yakiwa ya Lambert vilevile. Kitabu chake, Msamiati wa Pekee wa Kikae, kilitolewa Uppsala, Uswidi, mwaka 1994.

Thamani ya kazi hii haina shaka. Tangu Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, usemi wa shamba ulielekea kuhesabiwa lafudhi mbovu. Chum aliuandika kama usemi wenye maneno yake, wala hakuuombea radhi.

Hata hivyo tuna neno. Kichwa cha orodha ya kwanza chataja Kikae, kisha katika mabano Kimakunduchi na Kihadimu, kana kwamba majina yote matatu ni ya kitu kimoja. Kihadimu ni jina pana. Jambiani, iliyo pwani hiyo hiyo kaskazini ya Makunduchi, imo ndani yake. Lakini Jambiani si Makunduchi. Msomaji wa huko atajuaje lipi ni neno la kwao na lipi la jirani? Kamusi ya Kimakunduchi iliyotolewa na BAKIZA mwaka 2012 ina jina lililo wazi zaidi, ila Jambiani ingali inangoja yake.

Tena kuna hilo neno "pekee". Kuchagua yale tu yanayotofautiana na lugha sanifu kwamfaa mlinganishi wa lahaja. Mtunga istilahi hupata vipande, asipate mfumo.

Hasara hiyo si ya vitabuni tu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kamba, vigingi, bamvua na maji mafu vilikwisha kuwa na majina. Kazi mpya ikapandwa juu ya maneno ya zamani. Anayetaka istilahi za mwani na aanze Jambiani maji yakupwapo, kabla ya kufasiri vijitabu vya wanunuzi. Aichukue orodha ya Chum mkononi, awaulize wakulima neno baada ya neno: hili mwalisema?