Bruda wa Jikoni Hakuniahidi Kitu

Mwaka jana nililipwa kuandika ibada za kila siku. Sikulipwa vizuri: shilingi 80 kwa siku moja, na siku moja ilikuwa maneno mia mbili. Mteja alikuwa na programu ya simu inayomtumia mtu neno la asubuhi kabla hajatoka kitandani, na alitaka siku 365 ndani ya miezi miwili. Jina langu lisingeonekana popote. Nilikubali kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na kwa sababu tangu niache chuo mwaka wa tatu nimeandika kila kitu ambacho mtu yuko tayari kulipia: sifa za magodoro, hotuba za harusi, hata insha za wanafunzi wa ng'ambo ambao sasa wana digrii na mimi sina.

Mteja alinipa mwongozo. Andiko moja, hadithi fupi ya mtu aliyekuwa chini, halafu mlango unafunguka, halafu maombi ya mistari mitatu. Kila siku lazima iishe na ushindi. Msomaji asiachwe na huzuni, aliniambia, kwa sababu mwenye huzuni hafungui programu kesho. Enyewe alijua biashara yake. Kufikia siku ya sitini nilikuwa naandika ibada nikiwa kwa matatu, nimesimama, mkono mmoja umeshika chuma. Shida ni kwamba nilikuwa nimeishiwa na hadithi. Ni watu wangapi hufutwa kazi Jumatatu wakapata bora zaidi Ijumaa? Mimi simjui hata mmoja.

Basi nikaenda kuiba. Nilishuka Barabara ya Tom Mboya, kwa wale wauzaji wanaopanga vitabu vya mitumba chini, katikati ya vitabu vya kutajirika na vya kutunza ndoa, nikanunua vitabu vitatu vya zamani vya ibada. Wazo langu lilikuwa rahisi: wenyewe wamekufa, hawatanishtaki. Kimoja kilikuwa chembamba hivi kwamba kingeingia mfuko wa shati. Kwa Kiingereza kinaitwa The Practice of the Presence of God, na mwenyewe anajulikana kama Bruda Lawrence.

Nilikimaliza usiku mmoja na sikupata cha kuiba. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini tangu siku hiyo.

Bruda Lawrence alizaliwa Lorraine, katika Ufaransa ya leo, karibu mwaka 1614, na jina lake la nyumbani lilikuwa Nicolas Herman. Alikuwa maskini. Akaenda jeshini wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa, akabaki akichechemea. Akawa mtumishi wa tajiri mmoja, na yeye mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono, akivunja kila kitu. Mwaka 1640 aliingia kwa Wakarmeli jijini Paris. Hakuwa na masomo, kwa hivyo hakuingia kama padri. Aliingia kama bruda wa kazi za mikono na akapelekwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo. Alikaa huko karibu miaka kumi na tano. Mguu ulipozidi kumsumbua, wakamhamishia kushona viatu vya wenzake. Alifariki mwaka 1691.

Hiyo ndiyo hadithi yote. Hakuna mlango uliofunguka. Hakupandishwa cheo, hakuanzisha shirika, hakuponywa mguu. Kuna wakati walimtuma safari ya Burgundy kununua divai ya nyumba, mtu asiyejua biashara na asiyetembea vizuri, akawa anasogea ndani ya mashua kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Mimi ningepewa tukio hilo na mteja wangu, ningelimalizia kwa kumpatia mkataba wa divai. Yeye anasema tu kwamba kazi ilifanyika.

Anachofundisha kinaweza kuandikwa nyuma ya risiti. Zungumza na Mungu ukiwa unafanya kazi yako ya kawaida, bila kungoja saa ya maombi. Ukisahau, na utasahau, rudi bila kujipiga kifua. Geuza mayai kwenye kikaango kwa sababu ya upendo, na yakishaiva, endelea na kazi inayofuata. Ukitafuta mfumo, hatua saba au siku arobaini, hutazipata.

Sasa niseme mabaya yake, maana ninahakiki kitabu wala sihubiri. Kwanza, kinajirudia. Toleo langu lina mazungumzo manne na barua kumi na tano, na ukishasoma barua nne umesoma zote. Pili, si yeye aliyekitunga kama kitabu. Mazungumzo yaliandikwa na kasisi mwenye cheo, Joseph de Beaufort, aliyeanza kumtembelea mwaka 1666, na yeye ndiye aliyekusanya karatasi na kuzichapisha baada ya kifo cha mpishi, kati ya 1692 na 1694. Kwa hivyo sauti ya jikoni inatufikia kupitia kalamu ya mtu ambaye hakuwa akiosha sufuria. Mimi ninayeandika kwa majina ya watu wengine najua kalamu kama hiyo hupenda kulainisha. Kuna mahali naona Bruda ni mtulivu mno, nikashuku mhariri.

Tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, na sikuiona mwenyewe. Aliiona mamangu.

Mathe amepika katika jikoni la shule ya bweni kwa miaka kumi na saba. Maharagwe ya watoto mia tano, sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea, moshi wa kuni mpaka ndani ya kofia. Nilimpigia simu Jumapili moja nikamsimulia huyu mpishi mtakatifu, nikidhani nampa zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo bruda, alikuwa analipwa?"

Nikamwambia watawa hawalipwi.

"Aha. Na magoti yake je?"

Nikamwambia kuhusu mguu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Lakini hicho kitabu usimpelekee mwajiri wangu."

Manze, sijawahi kusoma uhakiki mkali kuliko huo. Kwa sababu ni kweli: kitabu kinachomwambia mpishi kwamba jikoni panaweza kuwa patakatifu ni kitabu kitamu sana kwa mtu asiyetaka kumwongezea mshahara. Nchi hii ina wadada wengi wa nyumbani ambao wamehubiriwa uvumilivu na watu waliokaa mezani wakisubiri kuhudumiwa. Ukiniuliza kama Bruda Lawrence anaweza kutumiwa hivyo, jibu ni ndiyo, na kitabu chenyewe hakina ukurasa unaozuia.

Lakini nilirudi kukisoma nikiwa na swali la mathe mkononi, na nikaona kitu nilichoruka mara ya kwanza. Hakuna mahali anaposema jikoni ni pazuri. Anasema hakupapenda. Pia hafichi kwamba miaka kumi ya mwanzo ya maisha yake ya kitawa ilikuwa ya mateso moyoni, akijiona hafai, akiamini Mungu mwenyewe yuko kinyume naye. Miaka kumi! Katika ibada zangu za shilingi 80, giza la mtu lilipewa sentensi mbili, ya tatu jua linachomoza. Hata De Beaufort, pamoja na cheo chake na ulaini wake, aliiacha miaka hiyo kwenye ukurasa.

Hapo ndipo naiona thamani ya vitabu hivi vya kale, na siioni kwa Bruda peke yake. Kitabu cha pili nilichonunua siku ile kilikuwa cha John Bunyan, fundi wa vyombo vya bati, aliyefungwa jela ya Bedford miaka kumi na miwili kwa kuhubiri bila kibali. Safari ya Mkristo wake, iliyochapishwa mwaka 1678, haijaenda mbali kabla msafiri hajazama kwenye tope. Cha tatu kilikuwa cha Oswald Chambers, nacho kimegawanywa siku kwa siku mwaka mzima, muundo ule ule wa mteja wangu. Chambers hakukiona. Alikufa Misri mwaka 1917 akiwahudumia wanajeshi, na mkewe Gertrude, aliyekuwa akinakili mafundisho yake kwa hati ya mkato, ndiye aliyekikusanya na kukitoa mwaka 1927. Kwa hivyo siwezi kulaumu muundo wa kila siku, wala siwezi kulaumu mwandishi wa nyuma ya pazia. Chambers humkemea msomaji asubuhi mapema na kumwacha hivyo hivyo mpaka kesho. Hajali kama utafungua tena.

Ahadi huzeeka haraka. Ukimwambia mtu kwamba mwezi huu ni mwezi wake wa kuinuliwa, una siku thelathini. Mwezi ukiisha na bado anadaiwa, lazima umpe ahadi nyingine au umwambie imani yake ni ndogo. Bruda Lawrence hana tarehe ya kuisha kwa sababu hakusema lolote litatokea. Mtu anaweza kumsoma akiwa na kazi au bila, akiwa amepona au anaumwa, na kitabu hakimgeuki. Ndiyo maana kilivuka hata ukuta ambao ungekizuia. Huyu ni mtawa wa Kikatoliki, lakini katika karne ya 18 John Wesley, baba wa Wamethodisti, aliingiza sehemu za barua zake katika maktaba aliyowaandalia wasomaji wake. Wesley hakuwa mtu wa kuwasifu watawa wa Roma ovyo ovyo.

Na kuna jambo moja dogo linaloniuma kama mwandishi wa kulipwa. Katika mojawapo ya barua, Bruda anakubali kueleza njia yake ya kusali kwa sharti kwamba barua isionyeshwe mtu yeyote. Mimi na wewe tunasoma kitu ambacho tuliombwa tusisome. Labda ndiyo sababu hakuna sentensi inayojipendekeza. Hakujua tuko hapa.

Niliendelea na kazi, usidhani niliacha. Kodi ni kodi. Lakini siku ya 212 nilijaribu. Niliandika kuhusu mwanamke anayepika shuleni, anayeamka saa kumi usiku, ambaye maombi yake ya nyongeza ya mshahara hayajajibiwa kwa miaka minne, na bado anaongea na Mungu akikoroga. Nikaishia hapo. Mteja aliirudisha ndani ya saa moja: mwisho uko wapi? Nilimwekea mwisho. Mwanamke akaongezwa mshahara, na mimi nikalipwa shilingi 80 zangu.

Mwanamke mwenyewe hajaongezwa mpaka leo. Krismasi nilipoenda nyumbani nilibeba kile kitabu, nikamtafsiria kidogo kidogo tukichambua mchele. Sehemu ya divai ilimchekesha. Sehemu za utulivu alizipitisha bila neno. Nilipofika pale bruda anapokiri kwamba kazi ya jikoni ilimchosha roho tangu mwanzo, aliacha mchele.

"Hebu rudia hapo," akasema.