Kifungashio Kisichojua Kiswahili: Uhakiki wa Funksheni Zinazozalishwa na Mashine katika Mifumo ya Kumbukumbu za Wagonjwa, kwa Mtazamo wa Mbale

Utangulizi

Eldoret na Mbale zimetenganishwa na Mlima Elgon na mpaka wa nchi mbili, lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu za wagonjwa za pande hizo imejengwa juu ya msimbo mmoja. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa mradi wa OpenMRS mwaka 2004, na mfumo wenyewe ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Kwa upande wa Uganda, UgandaEMR, iliyoandaliwa na mpango wa METS wa Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na Wizara ya Afya, imesimama juu ya OpenMRS hiyohiyo. Makala haya yanahakiki sehemu moja ya msimbo huo ambayo mtumiaji haioni na ambayo hata mwandishi wa programu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuifungua: vifungashio vinavyozalishwa na mashine.

Kifungashio, kwa maana inayotumika hapa, ni funksheni inayoizunguka funksheni nyingine. Mwito ukija, yenyewe huupokea kwanza, hufanya kazi yake, kisha huupitisha ndani. Kuandika vifungashio kwa mkono kunachosha, na uchovu huzaa makosa. Ndiyo maana wabunifu walitafuta namna ya kuiachia mashine kazi hiyo. SWIG ya David Beazley, iliyoanza mwaka 1995, ilisoma matamko ya funksheni za lugha ya C na kuzalisha vifungashio vya kuziita kutoka lugha kama Tcl, Perl na Python. Mwaka 1997 Gregor Kiczales na wenzake wa Xerox PARC walipendekeza kwamba mambo yanayojirudia kila pembe ya programu, kama ukaguzi wa ruhusa, yaandikwe mahali pamoja na kufumwa kwingineko na mashine. Kuanzia toleo la 1.3 la mwaka 2000, Java ilipata mawakala wanaozalishwa programu ikiwa inaendeshwa, na Spring, ambayo OpenMRS inaitegemea, ililifanya wazo hilo kuwa desturi.

Istilahi yenyewe ina mipaka yake. Neno kifungashio linaleta picha ya mfuko wa sukari, na mfuko wa sukari haumwulizi mnunuzi kitambulisho. Vifungashio vinavyojadiliwa hapa huuliza, hukataa na huandika majina daftarini. Kwa tabia viko karibu zaidi na bawabu. Hata hivyo kifungashio linabaki na faida moja juu ya bawabu: linakumbusha kwamba kilichofungwa hakijui kuwa kimefungwa.

Namna mbili za kusoma

Ndani ya OpenMRS kuna vifungashio viwili vinavyostahili kulinganishwa, kwa sababu vinatumia namna mbili tofauti kabisa za kujua wakati wa kufanya kazi. Cha kwanza ni cha ruhusa. Mwandishi wa programu huweka juu ya funksheni alama inayotaja ruhusa inayotakiwa, kwa mfano ya kuona wagonjwa, na kifungashio huisoma alama hiyo kabla ya kuuachia mwito upite. Cha pili hujaza taarifa za lazima: nani ameunda rekodi na lini, au nani ameibatilisha, lini na kwa sababu gani. Katika OpenMRS rekodi ya mgonjwa kwa kawaida haifutwi. Hubatilishwa, ikabaki katika hifadhidata pamoja na maelezo ya kubatilishwa kwake. Uaminifu wa utaratibu mzima unategemea maelezo hayo.

Kifungashio hiki cha pili hakisomi alama yoyote. Kinasoma jina la funksheni. Jina likianza na save au create, kinashughulikia uhifadhi. Likianza na void, unvoid, retire au unretire, kinashughulikia ubatilishaji, ustaafishaji na urejeshaji. Sharti haliishii kwenye kitenzi: baada ya void linatakiwa jina la aina ya rekodi inayobatilishwa. Update haimo, na sababu yake, iliyoelezwa katika msimbo wenyewe, ni kwamba funksheni kadhaa zimeanza na neno hilo bila kuibadilisha rekodi zinayopokea. Kwa maneno mengine, waandishi wa mfumo waligundua kwamba kitenzi kimoja hakiaminiki, wakakiacha nje. Ni uamuzi wa busara, lakini unafichua udhaifu wa njia nzima: sheria ya uwajibikaji imefungwa kwenye silabi za mwanzo za neno la Kiingereza.

Ichukuliwe mfano wa kubuni. Mwanafunzi aliyehitimu Mbale, mji wenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda na Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, anaandika moduli ya kliniki. Amesikia kwamba Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na anataka msimbo wake usomeke na wenzake wa Tanzania na Kenya. Anaipa funksheni yake jina batilishaHudhurio. Ndani yake anaiwekea rekodi alama ya kubatilishwa na kuipeleka moja kwa moja kwenye hifadhidata. Java inakubali jina hilo bila tatizo. Programu inafanya kazi. Hudhurio linatoweka kwenye skrini ya muuguzi kama ilivyotarajiwa, na kifungashio hakikusema neno, kwa sababu hakuna kitenzi inachokijua kilichotamkwa.

Matokeo hayalingani kwa uhifadhi na kwa ubatilishaji, na hapa ndipo suala linapokuwa zito. Rekodi mpya isiyo na jina la aliyeiunda hukataliwa na hifadhidata yenyewe, kwa kuwa nafasi hiyo hairuhusiwi kuwa tupu. Kosa linapiga kelele siku ya kwanza. Nafasi ya aliyebatilisha, kinyume chake, lazima iruhusiwe kuwa tupu, maana rekodi ambayo haijabatilishwa haina wa kuandikwa hapo. Hivyo rekodi iliyobatilishwa bila jina wala sababu hupita kimya. Alama nyingine ya mabadiliko huenda ikabaki mahali pengine katika mfumo, lakini haijibu swali ambalo mgonjwa wa VVU aliyepotelewa na hudhurio lake ana haki ya kuuliza: nani aliliondoa, na kwa nini?

Si haki kuwalaumu waandishi wa OpenMRS kwa uzembe. Desturi ya majina iliwawezesha kuzifunga funksheni zilizokuwapo tayari bila kuigusa hata moja, na kwa timu iliyotawanyika mabara kadhaa hilo lilikuwa jambo kubwa. Wala tiba si kudai vitenzi vya Kiswahili viongezwe kwenye orodha. Leo itakuwa batilisha, kesho Kifaransa cha Bujumbura nacho kitadai nafasi. Kosa ni kulifanya jina, ambalo kazi yake ni kumweleza msomaji, libebe pia amri kwa mashine bila msomaji kuambiwa. Alama ya wazi, kama inayotumiwa na kifungashio cha ruhusa, ni bora kwa sababu inaonekana na haibadiliki lugha ya jina inapobadilika. Hadi hapo, mwandishi wa batilishaHudhurio yuko salama akiiita, ndani ya funksheni yake, voidEncounter ya mfumo wenyewe na kuipa sababu. Kwa njia hiyo kifungashio huamka.

Kimya kinachosomwa kama ruhusa

Hata hivyo kifungashio cha ruhusa nacho kina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba funksheni isiyo na alama haizuiwi. Aliyesahau na aliyekusudia kuacha wazi wanafanana machoni pa mashine. Kwa mfumo unaotunza habari za afya, na katika nchi ambayo tangu mwaka 2019 ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, chaguo-msingi lilipaswa kuwa kinyume: lisilotajwa lifungwe.

Kasoro ya pili haionekani kwa kusoma msimbo, hata kwa jicho kali. Wakala aliyezalishwa na Spring amesimama mlangoni, nje ya huduma. Mwito unaotoka nje hukutana naye. Funksheni moja ikiita nyingine iliyo ndani ya huduma hiyohiyo, mwito haupiti mlangoni, na alama iliyoandikwa juu ya funksheni ya pili inabaki pambo. Nyaraka za Spring zinalieleza hili waziwazi, na msimbo wa OpenMRS unalitaja. Bado alama imeandikwa palepale, na msomaji anayeiona ataamini kwamba inalinda. Mlinzi asiyekuwapo kabisa ana madhara madogo kuliko yule ambaye jina lake limo kwenye zamu lakini kiti chake ni kitupu.

Madai kwa wanunuzi wa mifumo

Washauri wa sera hawahitaji kuijua Java ili kudai mambo haya yapimwe kabla moduli haijapokelewa. Mkataba unaweza kutaka orodha, iliyotolewa na mashine na si kwa mkono, ya kila funksheni ya huduma isiyo na alama ya ruhusa, pamoja na maelezo ya kwa nini imeachwa wazi. Unaweza pia kutaka nyaraka za mafunzo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, zitaje vitenzi ambavyo kifungashio kinavitambua. Ni nusu ukurasa tu, na mhitimu wa Mbale angeokoka kwa nusu ukurasa huo. Jaribio la mwisho ni dogo kuliko yote: mkaguzi abatilishe hudhurio la mgonjwa wa majaribio kwa kila njia ambayo moduli inaitoa, kisha aifungue rekodi katika hifadhidata na kuangalia kama jina, tarehe na sababu vimo.