Kalamu ya Mpingo: Anza na Kiungo

Kalamu iliyokerezwa kwa mkono usiihukumu kwa mng'aro. Matone machache ya supaglu yakisuguliwa juu ya mti unaozunguka hung'arisha hata kazi mbovu. Funga macho, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti. Ukikwama, mti umeachwa mnene au umeliwa kupita kiasi. Kalamu nyingi nazirudisha mezani hapo hapo.

Chanzo kiko ndani. Kipande cha mti hutobolewa kwa keekee, ya milimita 7 kwa kalamu nyembamba, kisha neli ya shaba hugandishwa humo. Ncha zisiposawazishwa vizuri na neli, chuma hukaa upande, na mwanya huonekana ukiielekeza kalamu dirishani.

Mpingo unadai zaidi. Ni mzito hata huzama majini, una mafuta, na hauvumilii joto. Fundi asipoitoa keekee mara kwa mara ipoe na kutema unga, au akikandamiza msasa, mti hupasuka nyufa nyembamba, pengine baada ya mnunuzi kufika kwake. Zitafute kwenye ncha. Kisha toka nje kwenye jua, uigeuze kalamu polepole. Mikwaruzo inayoizunguka yaonyesha fundi aliruka namba ya msasa, au hakusimamisha kerezo akasugua kufuata nyuzi. Mti mweusi hauifichi aibu hiyo.

Na uwe mweusi wa kweli: juani mpingo huonyesha michirizi ya hudhurungi, kwa hiyo weusi uliolingana kila mahali hunitia shaka ya rangi ya kupaka. Mstari wa manjano wa ubao wa nje si kasoro. Ukiendelea bila kukatika kutoka nusu ya chini hadi ya juu, fundi alipanga vipande vyake kabla ya kukata, na kwa hilo nalipa zaidi bila kunung'unika. Napenda pia aliyeridhika na nta kidogo. Tabaka nene la gundi hukunyima kuugusa mti ulioulipia.

Fungua utoe mrija wa wino, uhakikishe wa aina hiyo unapatikana dukani kwenu.

Mwisho, uliza mti umetoka wapi. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Huko Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na vipande visivyofaa kutengenezea klarineti vinatosha kabisa kwa kalamu.